Uvimbe wa ukeni uliopasuliwa kama jipu, kumbe umepanda hadi ndani ya nyonga

SWALI

Shikamooni wataalamu wa safu hii.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina mtoto mmoja wa kike. Karibu miaka minne iliyopita niliota uvimbe laini kwenye shavu la kushoto la uke. Ulikuwa hauumi wala hauwashi, na ngozi ya juu yake ilikuwa ya kawaida. Nikaambiwa ni tezi ya Bartholin imeziba. Ulipasuliwa mara mbili kwa ganzi ya sindano. Mara zote mbili ilitoka damu na ute kidogo, usaha hakuna, na uvimbe haukupungua. Baadaye nikafanyiwa upasuaji mkubwa kidogo, kikatolewa kitu cha sentimita 6 kilichokuja vipande vipande kama jeli. Majibu ya maabara yalisema ni "uvimbe laini, si saratani". Nikaambiwa nimepona, hakuna haja ya kurudi.

Baada ya miezi 14 umerudi. Safari hii nikikaa nahisi kama nimekalia kitu, na nikimaliza kukojoa naona bado mkojo umebaki. CT scan imeonyesha uvimbe wa sentimita 13 unaoanzia ukeni na kupanda kando ya njia ya haja kubwa. Sampuli ya zamani ikasomwa upya na mwanapatholojia mwingine, akaandika "angiomiksoma vamizi, vipokezi vya estrojeni na projesteroni vipo".

Sasa nimevurugwa. Daktari wa kwanza anataka kutoa kila kitu kwa mkupuo mmoja: uvimbe, kizazi na ovari zote mbili, na amenionya kwamba huenda nikaamka na mfuko wa choo tumboni. Wa pili anasema nisikatwe kabisa, nichomwe sindano za homoni tu. Mume wangu ameshika hilo neno "vamizi" na haamini kwamba si saratani. Mimi bado natamani mtoto wa pili. Nimfuate nani? Na je, binti yangu anaweza kurithi ugonjwa huu?

Mama Binti

JIBU

Marahaba, Mama Binti.

Tuanze na neno linalomkosesha mumeo usingizi. Uvimbe huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na Steeper na Rosai, waliowachunguza wanawake 9 wenye uvimbe wa aina moja nyongani na kwenye msamba. Waliuita vamizi kutokana na tabia waliyoiona: hauna ganda linaloutenga na nyama ya jirani, unajipenyeza kwenye mafuta na misuli, na ukitolewa hupenda kurudi palepale ulipokuwa. Kuua hakukuwamo katika sababu za jina hilo. Kusambaa hadi mapafuni kumeripotiwa kwa wagonjwa wachache mno. Ndiyo maana wataalamu wengi leo hupendelea jina la angiomiksoma ya kina, na ukikuta majina hayo mawili kwenye karatasi zako ujue ni kitu kimoja. Piga picha moja ya kifua mwanzoni, ikiwa safi mjadala wa kusambaa uwekwe pembeni. Mumeo aelezwe hivi: hii si saratani, lakini pia si uvimbe wa kutolewa siku moja na kusahauliwa. Kosa ulilofanyiwa lilikuwa hilo la pili.

Kwa nini ulikosewa? Kwa sababu kwa nje unafanana sana na vitu vya kila siku. Ni ugonjwa adimu, huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa wa miaka ya thelathini na kitu, na karibu kila anayeuona mara ya kwanza humwandikia mgonjwa kitu kingine: tezi ya Bartholin, ngiri, uvimbe wa mafuta, jipu. Lakini dalili za kutilia shaka zilikuwepo. Tezi za Bartholin zimekaa sehemu ya chini ya mlango wa uke, na ukiufikiria mlango huo kama uso wa saa ya ukutani, ziko penye namba 4 na namba 8. Zikiziba huvimba hapo chini, na zikipasuliwa hutoa ute au usaha kisha hunywea papo hapo. Uvimbe uliopasuliwa ukatoa damu tu na kubaki na ukubwa uleule hauna maji ndani yake, una nyama. Hapo hakupaswi kupasuliwa mara ya pili. Panapaswa kuchukuliwa kinyama cha kupima. (Kwa wasomaji wengine: mwanamke aliyevuka miaka 40 akiota "uvimbe wa Bartholin" kwa mara ya kwanza, kinyama kichukuliwe hata kama kila kitu kinaonekana cha kawaida, kwa sababu katika umri huo saratani ya tezi hiyo nayo huingia kwenye orodha ya mashaka.)

Ultrasaundi nayo hudanganya. Nyama ya uvimbe huu imejaa ute mwingi, hivyo kwenye skrini hutokea nyeusi kama maji, na mpimaji mwenye haraka ataandika "kifuko cha maji". Njia ya kumtofautisha mjanja huyu ni kuwasha Dopla, yaani sehemu ya mashine inayoonyesha damu inavyotembea: kifuko cha maji hakina mishipa ya damu katikati, ilhali angiomiksoma imejaa mishipa. Ultrasaundi ya tumbo peke yake pia haitoshi, kifaa kiwekwe na kwenye msamba. Vipimo vya damu vya alama za saratani havina msaada hapa, usitumie fedha zako huko.

CT scan uliyopiga imekuonyesha ukubwa, nasi hatuibezi, lakini haitoshi kupangia upasuaji. Kwenye CT uvimbe huu mara nyingi hulingana rangi na misuli au hufifia kidogo, na mpaka wake na sakafu ya nyonga hauonekani vizuri. Unahitaji MRI (picha za mashine ya sumaku) ya nyonga yenye gadolini, dawa ya mshipani inayoing'arisha picha. Katika picha za T2, yaani zile za MRI zinazoonyesha majimaji yaking'aa, uvimbe hung'aa, na ndani yake hupita michirizi iliyojizungusha kama maji ya mto yanapokutana na mwamba. Dawa ikishaingia, uvimbe hunywa dawa hiyo kwa nguvu kwa sababu ya wingi wa mishipa. Mchanganyiko huo, kwa mwanamke wa umri wako, tayari unampa msomaji picha jibu lenye uzito.

Kuna kosa moja la MRI linalorudiwa sana, na ni rahisi kulizuia. Picha za nyonga kwa desturi hupangwa kwa ajili ya kizazi na ovari, hivyo huishia karibu na mfupa wa kinena. Uvimbe wako umeanzia chini ya hapo. Waambie kabla hujalala kwenye mashine kwamba picha zishuke hadi mwisho wa mashavu ya uke na sehemu ya juu ya mapaja, katika pande zote tatu, na T2 ziwemo zilizozimwa mng'ao wa mafuta. La sivyo utarudia kipimo. Kabla ya gadolini upimwe figo, na kama kuna uwezekano wa ujauzito useme mapema, kwa kuwa dawa hiyo huepukwa kwa wajawazito.

Ripoti ya MRI nayo isiishie kwenye "uvimbe mkubwa wa nyonga". Ijibu haya: je, umevuka misuli ya sakafu ya nyonga, na kwa upande gani? Umeugusa au umeuzunguka mrija wa mkojo, kibofu, ukuta wa uke, rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) na misuli inayofunga njia ya haja kubwa? Umejaza nafasi ya mafuta iliyo kando ya njia hiyo? Mirija inayotoka kwenye figo imebanwa? Vipimo viwe vitatu: urefu, upana na kina. Kwa kawaida uvimbe huu husukuma viungo pembeni badala ya kuvitoboa, na ni sifa inayokupa matumaini makubwa kuhusu kizazi chako. Lakini isemwe kwa picha, isikisiwe. Uvimbe wa namna hii ni kama kisiki: kinachoonekana juu ya ardhi ni kidogo, na aliyekata cha juu tu hajang'oa kitu. Kwa maelezo yako, upasuaji ule wa sentimita 6 ulikuwa wa juu ya ardhi. Inawezekana sana hizi sentimita 13 si uvimbe mpya kabisa bali ni sehemu iliyoachwa ndani ikaendelea kukua.

Sasa maabara. Umefanya vizuri kusomesha sampuli upya. Kwenye hadubini mwanapatholojia hutafuta seli nyembamba zenye ncha au umbo la nyota, zilizotawanyika kwa nafasi ndani ya ute, na katikati yake mishipa mingi ya damu ya kila ukubwa, mingine yenye kuta nene. Kandokando ya mishipa hiyo huwa kuna vifungu vidogo vya misuli laini. Seli zinazogawanyika ni chache sana na nyama iliyokufa haipo. Shida ni kwamba kipande kidogo kinaweza kuonekana kama nyama iliyovimba maji tu, na hivyo ndivyo ripoti za "uvimbe laini, si saratani" zinavyozaliwa. Ripoti yako ya kwanza haikuwa uongo, ilikuwa nusu.

Muulize mwanapatholojia mambo mawili. La kwanza, kama amewatenga ndugu wanaofanana nao. Yupo angiomiofibroblastoma, mwenye mpaka ulio wazi, mara nyingi chini ya sentimita 5, ambaye akitolewa kwa kawaida harudi. Yupo angiomiksoma ya juujuu, inayokaa kwenye ngozi. Na yumo liposakoma yenye ute, ambayo hiyo ni saratani kweli na matibabu yake ni mengine kabisa. La pili, kama amepaka rangi za kutafuta desmini na HMGA2, protini zinazosaidia kutambua seli za uvimbe huu. Tunalisisitiza hili kwa sababu wagonjwa wengi huona "vipokezi vya estrojeni na projesteroni vipo" wakadhani ndiyo uthibitisho. Siyo. Nyama ya kawaida ya sehemu hiyo ya mwili wa mwanamke nayo ina vipokezi hivyo, na hata wale ndugu tuliowataja wanaweza kuwa navyo. Vipokezi vinakwambia kwamba dawa za homoni zina pa kushikia, havikwambii jina la ugonjwa. HMGA2 husaidia zaidi, ingawa si kila uvimbe wa aina hii huipokea rangi hiyo. Ikikubali kwenye uvimbe, baadaye husaidia pia kutambua mabaki kwenye kingo za nyama iliyokatwa, ambako kwa macho ya kawaida ya hadubini seli chache za uvimbe hupotea ndani ya nyama nzima.

Huhitaji kuchomwa sindano ya kinyama kipya ikiwa MRI inakubaliana na sampuli ya zamani. Ikihitajika, iwe sindano nene inayokata kijiti cha nyama. Sindano nyembamba ya kufyonza hutoa ute na damu, na majibu yake huwa "haitoshi kutoa uamuzi".

Tuje kwa madaktari wako wawili. Kwa maoni yetu kila mmoja ameshika ukweli upande mmoja.

Wa kwanza anafuata mafundisho ya zamani: kwa kuwa uvimbe hurudi, kata kwa upana mkubwa hadi kingo ziwe safi. Ni hoja iliyosimama kwa miaka mingi. Lakini wagonjwa walipozidi kufuatiliwa, ikaonekana kwamba hata waliokatwa kingo safi walirudiwa, na wengi walioachiwa mabaki kidogo hawakurudiwa, kwa viwango visivyopishana sana. Sababu inaeleweka: uvimbe hauna ganda, rangi na ulaini wake vinakaribiana na mafuta ya jirani, na mikono iliyozoea kabisa bado haiwezi kuona unapoishia. Kwa hiyo kukukata rektamu, kukuharibia misuli ya choo au kukutoa kizazi kisichoguswa kwa kutafuta ukingo safi ni kulipa gharama kubwa kwa faida ndogo. Ovari ndiyo habari yenyewe. Akizitoa, lengo lake ni kukata chanzo cha estrojeni inayolisha uvimbe. Sindano za homoni hufanya kazi hiyohiyo, na zikiachwa ovari huamka. Kwa mwanamke wa miaka 36 anayetaka mtoto hatuoni sababu ya kuanza na njia isiyo na kurudi nyuma.

Hata hivyo usimkasirikie kwa kutaja mfuko wa choo. Ukuta wa rektamu ukipasuka wakati wa kuutenganisha na uvimbe, wakati mwingine mfuko wa muda huwekwa ili kidonda kipone. Onyo hilo linafaa kuwemo kwenye fomu ya ridhaa. Tofauti ni kwamba liwe tahadhari, lisiwe mpango.

Daktari wa pili naye ana hoja. Sindano anazozisema hunyamazisha ovari kwa kuizima ishara inayotoka ubongoni. Zinazotumika sana ni goserelini miligramu 3.6 chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, au leuprorelini miligramu 3.75 kila mwezi. Wapo wagonjwa ambao uvimbe wao umesinyaa sana kwa dawa hizo, na wachache ukatoweka kwenye picha. Lakini wengi wa waliofanikiwa walikuwa na uvimbe mdogo uliorudi, na mara nyingi sindano zikisimama uvimbe huanza kukua tena. Kwa sentimita 13 zinazobana mkojo, sindano peke yake tunaona ni kuahirisha.

Ushauri wetu ni kuunganisha: MRI na usomaji wa sampuli kwanza, kisha sindano kwa miezi 3, MRI nyingine, halafu upasuaji wa kutoa uvimbe tu huku viungo vikihifadhiwa. Ukisinyaa, upasuaji unakuwa mwepesi na damu inapungua. Usiposinyaa, umepoteza miezi 3 kwa ugonjwa unaotembea polepole, na sindano zisiendelee bila sababu.

Mambo ya kuangalia kwenye sindano hizo ni haya. Kipimo cha ujauzito kiwe kimefanyika kabla ya ya kwanza. Wiki moja hadi mbili za mwanzo homoni hupanda kabla ya kushuka, kwa hiyo dalili zinaweza kuzidi kidogo. Kwa kuwa wewe mkojo tayari hauishi, upimwe kwa ultrasaundi mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Ukibaki zaidi ya mililita 150, daktari apange namna ya kulinda kibofu kabla hajakuchoma. Baada ya hapo hedhi itasimama, joto la ghafla litakuja, usingizi utapungua na uke utakuwa mkavu. Mifupa hupoteza madini, hivyo sindano zikifika miezi 6 mifupa ipimwe, na katika muda wote huo upate kalsiamu na vitamini D ya kutosha. Wagonjwa wa fibroidi na endometriosisi hupewa vidonge vya estrojeni kidogo ili kupunguza joto hilo. Kwako zoea hilo lina mtego, maana estrojeni ndiyo chakula cha uvimbe. Anayekuandikia vidonge hivyo mkumbushe ugonjwa wako ni upi.

Huenda ukatajiwa na letrozoli, miligramu 2.5 kwa siku. Inafaa, ila kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi isitumike peke yake: huichochea ovari, na ni dawa hiyohiyo inayotumika kusaidia mayai kukomaa. Hutolewa pamoja na sindano za kunyamazisha ovari. Inaweza pia kudhuru mimba changa, kwa hiyo wakati wa kuitumia mtumie kondomu. Mionzi hubaki kwa wachache ambao uvimbe unarudi tena na tena na hauwezi kukatwa. Tibakemikali haina kazi kubwa hapa, kwa sababu hushambulia seli zinazogawanyika haraka na hizi hazigawanyiki haraka.

Upasuaji wenyewe usifanywe na mtu mmoja. Kwa uvimbe uliovuka sakafu ya nyonga, ulizia kama watakuwepo daktari bingwa wa saratani za kizazi, wa utumbo mpana na wa njia ya mkojo, na kama wamewahi kukaa pamoja kuangalia MRI yako. Mara nyingi huingiliwa kutoka msambani, na sehemu iliyo juu sana hufuatwa kupitia tumboni kwa kupasua au kwa kamera. Anayeingia njia moja tu kwa uvimbe wa pande mbili ndiye anayeacha kisiki. Kibofu huwekewa mpira ili mrija wa mkojo utambulike kwa kidole, na mirija ya figo ikiwa imesogezwa na uvimbe huwekewa vimrija vya muda ndani yake. Damu iandaliwe kabla, maana mishipa inayolisha uvimbe huu ni mingi. Hospitali nyingine huziba mishipa hiyo kwa mrija unaopita kwenye ateri ya paja siku moja au mbili kabla. Husaidia, ingawa si daima, kwa kuwa uvimbe hulishwa na matawi ya pande nyingi. Ukikubali, mwambie anayeziba kwamba bado unataka kuzaa, aepuke matawi yanayokwenda kwenye kizazi.

Kitu kilichotolewa kiende maabara chote, kikiwa na nyuzi za kuonyesha juu, chini, kulia na kushoto. Vipande visivyo na alama havimwambii mtu ni wapi palipobaki. Baada ya upasuaji tarajia mrija wa kutoa majimaji kwa siku kadhaa, na uulize mapema kuhusu mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga. Nafasi ya sentimita 13 ikibaki tupu, viungo vinaweza kushuka.

Mtoto wa pili? Ndiyo, inawezekana, ila utaratibu ufuatwe. Uvimbe huu unaweza kukua wakati wa ujauzito, kwa hiyo usibebe mimba ukiwa na sentimita 13 ndani. Hedhi kwa kawaida hurudi ndani ya miezi michache baada ya sindano ya mwisho. Sisi tungependa uwe na angalau MRI mbili safi baada ya upasuaji, yaani karibu mwaka mmoja, kabla ya kujaribu. Ukishika mimba, MRI bila dawa inaweza kupigwa katika miezi ya mwisho ili kuona kama njia ya uzazi iko wazi. Ikiwa wazi na misuli ya choo haikuguswa, kujifungua kwa kawaida hakukatazwi. Kuhusu uzazi wa mpango kwa sasa, epuka vidonge vyenye estrojeni. Kitanzi cha shaba au kondomu vinafaa.

Na usikubali tena kuambiwa usirudi. MRI ya kwanza ipigwe miezi 3 baada ya upasuaji, si mapema zaidi, kwa sababu uvimbe wa kidonda hung'aa kwenye T2 sawasawa na ugonjwa. Hiyo itakuwa picha ya kulinganishia. Baada ya hapo kila miezi 6 kwa miaka 2 hadi 3, halafu kila mwaka kwa miaka 10 au zaidi. Wengi wanaorudiwa hurudiwa ndani ya miaka 5 ya kwanza, lakini wamo waliorudiwa baada ya 10. Kupapasa kwa mkono hakutoshi, kwa maana unarudi ndani kabla haujaonekana nje. Ukirudi ukiwa mdogo na haukusumbui, si lazima kukimbilia kisu. Hapo ndipo sindano za daktari wako wa pili zinapofaa hasa, au hata kuangaliwa tu.

Wakati unasubiri, mambo matatu yakupeleke hospitali siku hiyohiyo: mkojo kugoma kabisa kutoka, mguu mmoja kuvimba na kuuma (uvimbe mkubwa wa nyonga unaweza kubana mshipa na damu ikaganda), na homa pamoja na uvimbe kuwa wa moto na wenye maumivu.

Ukienda kwa jopo la madaktari, usiende na ripoti tupu. Omba maabara ya kwanza ikupe bloku za nta zenye nyama yako na slaidi zake, uziandikie risiti ili zirudi. Omba CT na MRI kwenye CD, maana karatasi ya picha zilizochapishwa haipimiki. Beba maelezo ya upasuaji wa kwanza yanayoonyesha njia waliyoingilia na kama nyama ilitoka nzima au vipande.

Kuhusu binti yako: mabadiliko ya jeni ya HMGA2 yaliyo kwenye uvimbe huu hutokea ndani ya seli za uvimbe wenyewe, hayamo kwenye mayai yako, na ugonjwa huu haujulikani kupita kwenye familia. Inayohusishwa na ukoo ni ile angiomiksoma ya juujuu, hasa ikitokea sehemu nyingi za ngozi kwa mtu mmoja, na ndiyo sababu nyingine ya kumtaka mwanapatholojia aandike kwa uwazi ni ipi kati ya hizo mbili. Akishathibitisha ni hii ya kina, binti hahitaji kipimo chochote.